Raundi ya Jebu Peke Yake

Jumamosi mbili zilizopita mama mmoja alimsindikiza binti yake jimu kwetu, hapa Temeke. Binti ana miaka 16, mrefu, mikono yake ni ya kuchumia maembe bila kupanda mti. Tangu mwezi wa sita amekuwa nasi kila jioni: kamba, pedi, begi, kamba tena. Siku hiyo Kocha alikuwa amesema binti ataingia ulingoni kufanya sparingi yake ya kwanza, yaani pambano la mazoezi na mwenzake. Mama akanivuta pembeni, pale penye madumu ya maji, akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa:

"Dada, kwani lazima wapigane? Si ameshajua kupiga?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, tutamwangalia. Hilo halikuwa jibu, na yeye aliona. Usiku ule nilikaa na swali lake kwenye cherehani hadi saa tano, na sijaachana nalo mpaka leo. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotakiwa kumwambia pale kwenye madumu.

Mimi ni fundi nguo. Nilianza ngumi nikiwa na miaka 27 kwa sababu ya mgongo. Daktari aliniambia nitafute zoezi, na jimu ilikuwa hatua chache kutoka kibandani kwangu. Miezi mitano ya kwanza sikumgusa mtu, nilipiga begi tu. Nililipenda begi lile. Limeshonwa kwa turubai la lori na kujazwa vitambaa chakavu, na vingi vya vitambaa hivyo vilitoka kwangu. Nikilipiga linalia, watu wanaopita mlangoni wanasimama kutazama, nami nikaamini nimeiva.

Sparingi yangu ya kwanza ilikuwa ya raundi mbili. Kocha alinipanga na kaka mmoja muuza samaki wa Feri, wa umri wangu, mpole, mwenye tabia ya kuvua kandambili zake na kuzipanga sawasawa kabla ya kupanda ulingoni. Nikarusha jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, ikaishia hewani. Nikarusha nyingine, hewani tena. Zote zilikuwa fupi kwa inchi nne, na inchi nne nazijua bila futi. Nilirusha labda jebu 30 siku ile, zikampata 2.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Begi linaning'inia. Ukilipiga linakwenda, kisha linarudi lenyewe kuifuata ngumi yako. Kwa miezi mitano nilikuwa nimejifunza kusimama mbali kidogo na kungoja kitu kinirudie. Mtu harudi. Anaegemea nyuma kidogo tu, miguu yake haijahama, na ngumi iliyokuwa ikiliza turubai inabaki kupapasa hewa. Kipimo changu chote kilikuwa kimekatwa kwa mwili usiokuwepo.

Kisha pumzi. Kwenye begi naweza raundi sita za dakika tatu tatu. Siku ile haikufika hata dakika moja nilikuwa nahema kama nimepandisha ndoo ya maji ghorofa ya kumi. Kocha akapaza sauti kutoka kwenye kona: "Unapumua wewe? Pumua!" Kumbe nilikuwa nimebana pumzi tangu kengele ilipogongwa. Begi halijawahi kunitisha, kwa hiyo sikujua kwamba nikiogopa nabana pumzi. Nilikuwa nimeishi na mwili huu miaka 27 bila kulijua hilo.

Halafu pua. Ngumi ya kwanza ya puani haikuuma sana, lakini ilileta machozi. Si kilio, ni maji yanayojaa yenyewe machoni, na kupitia maji hayo niliona glovu nyingine ikija. Nikafumba macho. Mama wa binti, hapa ndipo penye sababu kubwa kuliko zote. Ngumi unayoiona ikija, shingo inajikaza, kidevu kinashuka, miguu inajipanga. Mabondia wa zamani watakwambia wote kwamba inayomwangusha mtu ni ile ambayo hakuiona. Kufumba macho ni kuzigeuza ngumi zote ziwe za aina hiyo. Ilinichukua miezi miwili kuacha, na niliacha kwa njia moja tu, kurushiwa glovu laini usoni mara mamia na mtu niliyemwamini.

Neno hilo la mwisho nalisisitiza. Kwa miaka minne kaka yule wa Feri ndiye aliyekuwa mwenzangu. Ni mashoto, mguu wake wa kulia uko mbele, na wangu wa kushoto uko mbele, kwa hiyo miguu yetu iligongana kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango mwembamba. Wiki tatu nilikanyagwa. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilikanyagwa mpaka siku moja mguu wangu ukajipeleka nje ya wake, upande wa kulia kwake, na ghafla mkono wangu wa kulia ukawa na njia nyeupe katikati ya mikono yake. Nilisimama nikashangaa. Naye akasimama, akagonga glovu zake pamoja, akasema, "Hapo sasa, dada." Ngumi yenyewe sikuirusha.

Kocha wetu ni mzee wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache anayarudia. Analolirudia zaidi ni hili: "Piga hodi, usivunje mlango." Mwenzako akisikia hodi anajua ulikuwa pale, anajua mlango wake ulikuwa wazi, na kesho ataufunga. Ukiuvunja, kesho hana mlango. Huenda hatakuja kabisa.

Na hodi hiyo ina mpangilio. Watu wengi wanadhani sparingi ni kitu kimoja, watu wawili kuvaa glovu na kuachiwa. Kwetu siku nyingi za wiki hakuna sparingi huria hata moja. Kuna raundi ya jebu peke yake, mkono wa nyuma unabaki shavuni, na ukiurusha unashuka ulingoni. Kuna raundi ya mmoja anapiga na mwingine anazuia tu, kisha dakika moja na nusu ikipita mnabadilishana. Kuna raundi ya kutoka mabegani kushuka chini, kichwa hakiguswi. Mimi naona raundi ya jebu peke yake ndiyo yenye elimu kubwa kuliko zote, ingawa vijana wanaidharau. Ukinyang'anywa ngumi nyingine zote unalazimika kufikiri kwa miguu. Unaanza kuona kwamba mwenzako kabla ya kurusha hushusha kiwiko kidogo, au huvuta pumzi, au hutazama mahali anapotaka kupiga. Katika raundi huria hayo yote yanafunikwa na vurugu.

Sparingi huria inafanyika Jumamosi moja kati ya tatu, kwa waliokaribia pambano, na glovu ni zile nene za aunsi 16. Tunazo jozi mbili tu kwa watu zaidi ya 20, kwa hiyo zinapokezanwa zikiwa na jasho. Mimi ndiye ninayezishona zinapopasuka na kuzijaza magazeti usiku ili zikauke. Nyusi na pua tunapaka mafuta ya mgando. Kinga ya meno kila mtu ana yake, hilo halina mjadala.

Umia tunaumia pia, nisimdanganye mama yeyote. Januari moja, msimu wa sare za shule, kidole gumba changu kilijikunja kwenye kiwiko cha yule kaka. Wiki mbili sikuweza kushika mkasi, na mezani nilikuwa na sketi na kaptula za watoto wa mtaa mzima. Alikuja jioni tatu mfululizo akitoka Feri, akakaa kwenye benchi langu akakata vitambaa kwa alama za chaki nilizomchorea. Alikata vizuri. Mikono iliyozoea kisu cha samaki haitetemeki.

Sasa niseme la upande wa pili, ambalo ni zito kwangu.

Kuna wakati nilihamishia kibanda sehemu nyingine ya jiji kwa miezi minane, nikafanya mazoezi kwenye jimu ya huko. Sitaitaja. Huko sparingi ilikuwa kila Ijumaa, nguvu zote, glovu nyembamba za aunsi 10, watu wamezunguka ulingo na simu juu wanarekodi. Walipaita "Ijumaa ya wanaume", nasi wanawake wawili tulikuwemo. Anayerudi nyuma anazomewa. "Dawa ya moto ni moto," ndiyo ilikuwa kauli yao, na kwa wiki kadhaa nami niliisema. Nilipenda makofi. Nakiri hilo.

Ijumaa moja kijana wa bodaboda alipigwa makonde matatu safi ya kichwa katika raundi ya pili. Hakuanguka. Alimaliza raundi amesimama, watu wakamsifu kwa ugumu wake. Tukiwa tunafungua bandeji za mikono akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa moja na robo. Hazikupita dakika tano akaniuliza tena saa ngapi, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuniuliza. Nikamjibu tena. Kisha akavaa helmeti ya pikipiki akawasha akaondoka, na mimi nikamtazama akiondoka.

Jumatatu alikuja akasema kichwa kizito na mwanga unamuumiza. Aliambiwa atoe jasho, kitapona. Ijumaa akaingizwa tena ulingoni. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini kwa miezi mingi hakuweza kubeba abiria, kelele za injini zilimchosha hadi akalala mchana kutwa. Masumbwi aliacha. Mimi nilikuwa mkubwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi, niliulizwa saa mara mbili, na sikufanya chochote.

Baada ya hapo ndipo nilianza kujifunza nilichotakiwa kujua mapema. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kikisukumwa ghafla au kuzungushwa, fuvu linasimama, ubongo unaendelea kidogo. Mtikisiko huo hauhitaji mtu aanguke wala apoteze fahamu. Dalili zake ndizo zile nilizoziona nikazipuuza: kurudia swali, kuumwa kichwa, kukerwa na mwanga, kutapika, usingizi usio wa kawaida. Mwenye dalili hizo haendeshi pikipiki, anapelekwa hospitali, na haachwi peke yake usiku ule. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuvimbisha ubongo na kuua. Kanuni za ngumi za ridhaa zinamtaka bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa akashindwa kuendelea akae si chini ya siku 30 bila kupigana, na sparingi imo ndani ya katazo hilo.

Na kofia ya kinga? Wazazi wengi wanaiona kofia ile nene wanapata amani. Inasaidia dhidi ya kuchanika nyusi na vichwa kugongana. Mtikisiko wa ndani haiuzuii, na humfanya mvaaji ajione salama akaja mbele bila kukinga. Chama cha dunia cha ngumi za ridhaa kiliwavua wanaume wakubwa kofia hizo mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 walipigana vichwa wazi, wanawake tukabaki nazo. Sisi jimu tunazivaa. Lakini simwambii mzazi kwamba kofia ndiyo inayomlinda mwanawe. Kinachomlinda ni mkono wa mwenzake unaojua kujizuia, na jicho la mtu wa kona asiyeona aibu kusimamisha raundi.

Mtu aliyenifungua macho zaidi kuhusu hili si mtu wa ngumi. Ukumbi wetu Jumanne na Alhamisi ni wa vijana wa judo, na mwalimu wao ni mzee kutoka Unguja. Jioni moja nilikuja mapema nikakuta wanafanya randori, ndiyo sparingi yao. Wanarushana kwa nguvu zote hadi sakafu inalia, halafu wanainuka, wanainamiana, wanashikana tena. Nikamuuliza mzee, mbona ninyi mnaweza nguvu zote kila siku na watoto hawaumii?

Akaniambia habari za Kano Jigoro, Mjapani aliyeanzisha judo. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21, Kano alianzisha shule yake ya Kodokan ndani ya hekalu moja Tokyo, chumba cha mikeka 12. Alikuwa amesoma mitindo ya kale ya jujutsu ambayo mbinu zake nyingi zilikuwa za kuvunja na kuua, hivyo mtu hawezi kuzijaribu kwa ukweli juu ya mwenzake. Kano aliziondoa mbinu hizo kwenye randori, mapigo na baadhi ya mikunjo ya viungo, akaziweka kwenye kata, mazoezi ya mpangilio ambayo kila mmoja anajua kinachokuja. Zilizobaki, watu waliweza kuzifanya kwa nguvu kamili juu ya mtu anayekataa. Na kabla ya yote mwanafunzi anafundishwa kuanguka. Kwa maneno mengine, aliyawekea mapambano mipaka ili yaweze kuwa ya kweli kila siku.

Nilifikiri sana juu ya hilo. Judo ina mkeka. Ngumi hatuna mkeka wa kuweka ndani ya kichwa, kwa hiyo mpaka wetu lazima uwe kwenye nguvu. Raundi ya jebu peke yake ya Kocha wetu, kumbe ni akili ileile ya Kano, ingawa Kocha hajawahi kulitaja jina lake.

Kocha anayo hadithi yake mwenyewe anayoipenda, ya Kinshasa 1974. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa Septemba 25. Siku chache kabla, Foreman akiwa kwenye sparingi, kiwiko cha mwenzake kilimchana juu ya jicho la kulia. Dunia nzima ikangoja hadi Oktoba 30. "Bingwa wa dunia," Kocha husema, "amesimamishwa na kiwiko cha mazoezi." Anaishia hapo, kwa kuwa anaona inatosha.

Mimi humfikiria zaidi Ali. Alikuwa na desturi ya kujiegemeza kwenye kamba mazoezini akawaacha wenzake wa sparingi wampige, ajifunze kustahimili. Usiku ule wa Kinshasa lilimfaa, Foreman alijichosha na raundi ya nane akaanguka. Lakini mapigo ya mazoezini hayahesabiwi na mwamuzi yeyote. Mmoja wa vijana waliokuwa wakifanya naye sparingi, Larry Holmes, alikuja kuwa bingwa, na Oktoba 1980 akampiga mwalimu wake raundi 10 hadi kona ikasimamisha. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba Ali ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka mwili. Mimi si daktari, siunganishi kamba nisizoziona. Ninachosema ni kwamba kichwa hakijui kama leo ni pambano au ni mazoezi.

Kwa hiyo, mama, ndiyo, lazima. Bila sparingi binti yako atajua kupiga begi, na siku akisimama mbele ya mtu wa kweli atakuwa kama mimi, inchi nne pungufu, pumzi imebanwa, macho yamefumbwa. Huko ndiko kuumia. Lakini neno "wapigane" si lenyewe, na kama siku moja ukiliona ndilo lenyewe, mchukue binti yako uondoke naye hata kama Kocha amekasirika. Hata kama mimi ndiye niliye ulingoni naye.

Siku ile nilikuwa mimi. Kocha alisema jebu peke yake, raundi moja, dakika tatu. Nilimpaka binti mafuta ya mgando, nikamfunga mikanda ya kofia, nikamwambia macho wazi tu, mengine baadaye. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo, inagongwa kwa bolti. Kijana anayeigonga hakuwepo. Kocha akamwangalia mama, akampa bolti na kumwonyesha saa ya ukutani. "Dakika tatu, mama. Mshale ukifika pale juu mara ya tatu, unagonga."

Tukaanza. Jebu zake za kwanza ziliishia hewani, kama nilivyojua. Nikasogea nikampa hodi ya kwanza kwenye paji la uso. Akafumba macho. Ya pili akafumba. Nikaona mabega yamepanda, nikamwambia "pumua," akapumua. Dakika ya pili alirusha jebu akaongeza hatua ndogo ya mguu wa mbele, hatua ambayo hakuna aliyemfundisha, ikanipata juu ya mdomo. Nikafurahi kuliko yeye. Nikamjibu kwa jebu nyingine laini, puani, nikayaona yale machozi yanajaa. Safari hii hakufumba. Alinitazama kupitia maji.

Rimu ikalia.

Nilijua mapema mno. Miaka hii yote, raundi ya dakika tatu naijua kwa mapafu. Niligeuka nikaona mama ameishika bolti kwa mikono miwili, na mshale wa saa ulikuwa na sekunde 20 nzima kabla ya kufika juu. Vijana waliokaa kwenye matairi wakaanza kuguna.

Kocha akatazama ukutani. Akamtazama mama. Akapanda ulingoni, akaanza kufungua glovu za binti.

"Raundi imekwisha," akasema.